UZI: Tunawafundisha wanafunzi wa fiziotherapia kugonga mgongo kabla ya kuwafundisha kusikiliza kifua

#1 Mzee wa Mazoezi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mfiziotherapia, na sehemu ya kazi yangu ni kusimamia wanafunzi wanapoletwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Jambo hili nimelisemea kwenye vikao vya idara hadi nimechoka. Linaandikwa kwenye muhtasari, linalala humohumo. Ngoja nilimwage hapa, huenda walimu wenzangu na wanafunzi wakalisoma.

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa 3 mgonjwa wa kiharusi, ataanza kazi bila kukuuliza. Mpe goti, mpe bega lililoganda, mpe mgongo, yuko nyumbani. Sasa mpeleke wodi ya magonjwa ya kifua au ICU. Anasimama miguuni mwa kitanda na faili mkononi kama abiria anayesubiri daladala ambayo hana uhakika inapita njia hiyo. Mwulize, "Utamfanyia nini huyu?" Utapewa orodha: nitamgonga mgongo, nitamtikisa kifua, nitamlaza kichwa kikiwa chini, nitampa mazoezi ya kupumua. Hapo hajahesabu pumzi za mgonjwa hata kwa nusu dakika. Hajaangalia shingo kama misuli yake inafanya kazi ya ziada. Stetoskopu iko shingoni, imekaa vizuri kwa picha.

Simlaumu mwanafunzi. Ndivyo alivyofundishwa. Darasani tunamwanzishia mbinu, moja baada ya nyingine, na mtihani unauliza mbinu. Mgonjwa anakuja baadaye, kama mahali pa kuzifanyia majaribio.

Mimi nikipewa kundi, orodha hiyo naiweka kando. Nawaambia kwenye kifua mfiziotherapia ana matatizo manne tu yanayomhusu. Kwanza, makohozi yapo na hayatoki. Pili, pafu halijai, yaani kuna sehemu imesinyaa, mara nyingi baada ya upasuaji au kulala chali muda mrefu. Tatu, kupumua kwenyewe kumekuwa kazi nzito inayomchosha mgonjwa. Nne, mapafu na moyo vimetulia lakini mwili umeisha nguvu, akipanda ngazi sita anakaa. Kila mbinu unayoijua ni jibu la mojawapo ya haya manne. Kama tatizo la mgonjwa halimo, andika hivyo kwenye faili, msalimie mgonjwa, ondoka. Kuandika "hahitaji fiziotherapia ya kifua kwa sasa, sababu ni hii" ni kazi ya kitaalamu, na wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa kwamba wanaruhusiwa kuiandika.

Mfano nimonia. Daktari kaandika "fiziotherapia ya kifua", mwanafunzi anakwenda kugonga. Lakini nimonia ile ya kawaida, sehemu moja ya pafu imeganda, mgonjwa ana homa na kikohozi kikavu, hakuna makohozi yaliyolegea ya kusogeza. Unagonga ukuta. Tafiti zilizokusanywa na kupitiwa pamoja kuhusu watu wazima wenye nimonia hazikuonyesha kwamba fiziotherapia ya kifua inapunguza vifo au inaharakisha kupona. Kwa vichanga wenye uvimbe wa vijirija vya hewa unaoletwa na virusi, hivyohivyo, kugongwa hakuwasaidii na kunawachosha. Mgonjwa huyohuyo akianza kukohoa makohozi mazito na hana nguvu ya kuyatoa, hapo sasa kazi yako imefika.

Mfano wa pili ndio unaonitia hofu zaidi. Mama wa makamo, mlango wa moyo wa kushoto umebanwa kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayoanzia kwenye koo la mtoto ambalo halikutibiwa. Mwanafunzi anasikiliza, anasikia mikwaruzo chini ya mapafu yote mawili, ananiambia, "Mkuu, makohozi, nimlaze kichwa chini." Namwambia kabla hujamgusa, mwulize analala na mito mingapi.

"Mama, usiku unalala na mito mingapi?"

"Mitatu, mwanangu. Na bado saa nane naamka naenda kukaa dirishani nitafute hewa."

Bonyeza mguu wake juu ya kifundo, hesabu hadi tano, achia. Shimo linabaki. Hayo siyo makohozi, ni maji. Moyo unashindwa kusukuma na maji yanarudi mapafuni. Huyu anahitaji daktari na dawa ya kutoa maji, na wewe unachoweza kumpa sasa hivi ni kumketisha, miguu ishuke, mikono ipumzike juu ya meza ya kitanda, mabega yashuke, apumue taratibu. Ukimlaza kichwa chini unamzamisha. Mbinu ni ileile iliyo kwenye daftari, mgonjwa siye.

Kama ni wagonjwa, hatujakosa. Tuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu 2015, vifua vinafunguliwa na kufungwa kila wiki. Moshi kuna KCMC, ambako watu wa fani yetu wengi tumepitia. Ukitoka hapo unakwenda Kibong'oto, wanakotibiwa wagonjwa wa kifua kikuu na wachimbaji wa Mererani waliokula vumbi la mwamba miaka mingi hadi mapafu yakawa na makovu. Vijijini kuna akina mama wa miaka 60 ambao hawajawahi kushika sigara na mapafu yao yamechakaa kwa moshi wa kuni. Tunachokosa ni muda wa mwanafunzi kukaa na watu hawa, na msimamizi wa kukaa naye pale.

Kingine ni mazoezi ya darasani. Tunawapanga wawili wawili wasikilizane vifua. Kijana wa miaka 22 mwenye afya hana cha kukusikilizisha! Unasikiliza kifua kizima cha mwenzako muhula mzima, ukifika wodini hujui mkwaruzo unafananaje na mluzi. Kundi langu wiki ya kwanza haligusi mbinu yoyote. Kazi ni kusikiliza tu, na kila mmoja ana daftari: kitanda, nilichosikia, wapi, wakati wa kuvuta au wa kutoa, nadhani ni nini, kisha jioni tunafungua picha ya eksirei tuone nani kadanganywa na sikio lake. Asiyejua mkwaruzo mwembamba unavyolia asugue nywele zake katikati ya vidole karibu na sikio. Wenye vipara waazime kwa jirani.

Nawasilisha. Wanaopinga nao waje.

#2 Jongoo wa Tandale

Niko hapa na kahawa yangu. Ila mkuu samahani, hivi fizio si ndio wale wanaokanda watu migongo na kuwapandisha baiskeli isiyokwenda? Wanaingiaje ICU tena?

#3 Nesi wa Zamu

Shikamoo Mzee wa Mazoezi.

Jongoo, wanaingia, na wakiwa wazuri sisi manesi tunalala salama. Mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia hawezi kukohoa ipasavyo. Makohozi yakiziba bomba la hewa lililopitishwa kooni, mashine inalia na oksijeni inashuka. Anayejua kumgeuza, kumpa pumzi kubwa kwa mfuko wa mkono na kumfyonza vizuri anaokoa maisha pale pale.

Sasa kero yangu. Wanafunzi wa fizio wanakuja kumi kwa mpigo, wanazunguka kitanda kimoja, wanaangalia nesi akifyonza makohozi, wanaandika, wanaondoka. Hakuna aliyeshika mrija. Mwaka unaofuata huyo kaajiriwa, anakuja kwangu usiku nimfundishe upya.

Nimewatengenezea sheria zangu, nimezibandika ukutani:

Upana wa mrija wa kufyonzea usizidi nusu ya upana wa ndani wa bomba. Hesabu yake rahisi: namba ya bomba toa 2, zidisha kwa 2. Bomba namba 8, mrija namba 12, maana namba za bomba na za mrija ni za vipimo tofauti. Ukikuta mrija wa 12 umeisha usichukue wa 16 eti "ndio uliopo", huo utaziba sehemu kubwa ya njia na utavuta hewa iliyobaki mle ndani.

Mpe oksijeni ya kutosha kwanza. Nguvu ya kuvuta isizidi 150 kwenye geji. Ukiingia hadi kutoka isizidi sekunde 15, nami nawaambia wabane pumzi zao wenyewe wanapoingiza mrija. Kifua kikianza kukubana wewe, yeye amebanwa zaidi.

Na usimwage maji ya chumvi kwenye bomba kila mara kwa mazoea. Hayalainishi makohozi kama wengi wanavyodhani, mengine yanashuka tu chini.

Jambo la mwisho, fyonza kwa sababu umesikia au umeona haja. Siyo kwa sababu ni saa nne na ratiba inasema saa nne.

#4 mwaka_wa_tatu

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ndiye huyo anayesimama miguuni mwa kitanda na faili 😅

Ukweli ni kwamba tunaogopa. Mgonjwa wa goti ukikosea anapiga kelele, unajua umekosea. Wa ICU hapigi kelele, mashine ndiyo inapiga, na hujui inalia kwa kosa lako au kwa lake. Halafu kuna waya za moyo, kuna mrija wa kifuani, wa mkojo, wa shingoni. Mwalimu anasema "mketishe mgonjwa", mimi nahesabu mirija.

Pia tunapewa wiki chache za moyo na mapafu, tukifika kuna siku msimamizi yuko semina. Mnatushaurije ili angalau mtihani wa vitendo tusiaibike?

#5 Msukuma wa Leicester

Wadau salama? Mimi nafanya fizio huku Uingereza. Nilisomea nyumbani, nikaja kuanza upya mambo mengi.

Tofauti kubwa niliyoikuta ni usiku. Hospitali nyingi za huku mfiziotherapia anapangiwa zamu ya kuitwa usiku kwa ajili ya vifua tu. Simu inalia saa tisa usiku: mgonjwa wa upasuaji wa tumbo anashindwa kutoa makohozi, oksijeni inashuka, njoo. Uko peke yako. Hata kama mchana kazi yako ni magoti, usiku huo wewe ndiye mtu wa kifua. Kwa hiyo wanafunzi wa huku wanajifunza moyo na mapafu wakijua siku moja simu italia. Na haturuhusiwi kuingia kwenye zamu hiyo hadi mkubwa wa kitengo ajiridhishe kwa kukuona ukifanya, siyo kwa cheti.

Nyumbani idara inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Makohozi hayajui saa tisa na nusu. Nadhani hata uzito wa somo unaanzia hapo: kama hakuna atakayekuita usiku, kwa nini uumize kichwa?

Dogo mwaka_wa_tatu, hofu yako si ya ajabu, ila ujue wanafunzi wameshawahi kubeba mzigo mkubwa kuliko huo. Mwaka 1952 Copenhagen kulikuwa na mlipuko wa polio, watu wamepooza misuli ya kupumulia, mashine hazitoshi. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akasema tuwatoboe koo, tuwaunganishe na mfuko wa mpira, mtu aubinye kwa mkono. Nani atabinya usiku na mchana kwa wiki na miezi? Waliitwa wanafunzi, jumla yao wapatao 1,500, wakapangiwa zamu. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wanakufa karibu 9 kati ya 10, vifo vikashuka hadi karibu robo. Wale wanafunzi hawakuwa na skrini yenye namba. Waliangalia rangi ya midomo, waligusa ngozi kama ina jasho, walitazama kifua kinapanda au hakipandi. Mfuko wa mkono anaousema Nesi wa Zamu ni ukoo huohuo.

Mwaka huohuo, Boston, madaktari Levine na Lown walichapisha habari ya kuwaketisha kwenye kiti wagonjwa wa shambulio la moyo, wakati desturi ilikuwa kuwalaza kitandani wiki nne hadi sita bila kuinuka. Walionekana wakorofi. Leo kumtoa mgonjwa wa moyo kitandani mapema ndiyo kazi yetu ya kila siku.

#6 Bi Mwanahawa

Salaam aleikum wanangu. Niwape habari kutoka Mombasa.

Huyu Mzee wa Mazoezi asema kweli nusu, na nusu nyingine nampinga. Mimi ni fizio wa zamani, nimestaafu juzijuzi, nimefundisha vijana wa diploma miaka mingi. Hii kugonga kwa viganja mwaitukana sana siku hizi, utadhani ilikuwa uchawi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hakohoi, haelewi ukimwambia vuta pumzi, kifua chamlia kama birika. Utamwambia afanye nini? Utamlaza ubavu, utagonga kwa kiganja kilichokunjwa, utangoja, utafyonza. Au mzee ambaye mirija yake ya hewa imeharibika na kutanuka, kila asubuhi ana kikombe kizima cha makohozi. Nimewaona wao wenyewe wakiniambia bibi nigonge hapa, hapa ndipo pamekwama.

Shida si kugonga. Shida ni kugonga kila mtu. Nimekuta mwanafunzi anamgonga mtu atapikaye damu kwa kikohozi! Mwingine mbavu zimevunjika kwa ajali ya bodaboda. Mwingine chembe za kugandisha damu zimeshuka mno, ukimgonga wamwachia mavilio. Basi wafundisheni ni nani asiyegongwa, lakini msiwanyime mkono. Mashine zenu za kutikisa kifua hazipo huku, mkono upo.

#7 Mzee wa Mazoezi

Bi Mwanahawa, shikamoo mama. Kwa yule mtoto asiyeweza kushirikiana sina ugomvi nawe kabisa. Kwa yule mzee mwenye mirija iliyotanuka bado nakupinga kwa heshima. Yule ana akili timamu na mikono miwili, na ukimzoesha kugongwa, siku usipokuwepo amekwama. Mimi ningemfundisha mzunguko wa kupumua afanye mwenyewe asubuhi na jioni.

Mwaka_wa_tatu, sikiliza hapa, kwa sababu hili wanafunzi wanalikariri na kulifanya vibaya. Mzunguko una sehemu tatu. Anza na kupumua kwa utulivu, mabega chini, tumbo linapanda na kushuka, hadi atulie. Kisha pumzi kubwa 3 au 4 za kuvuta kwa pua, kila moja ashike kama sekunde 3 ili hewa ipite nyuma ya makohozi, aachie bila kusukuma. Arudi kwenye utulivu. Halafu ndipo "haa": mdomo wazi, koo wazi, anatoa hewa kwa nguvu kama anatia ukungu kioo cha miwani akiifuta. Pumzi ya wastani yenye "haa" ndefu inayasogeza yaliyo chini, pumzi kubwa yenye "haa" fupi inayatoa yaliyofika juu. Wanafunzi wanakosea kwenye ule utulivu wa katikati, wanauruka kwa sababu unaonekana si kazi. Ukiuruka kwa mgonjwa mwenye pumu au mirija inayobana, utamfunga kifua na atakulaumu, na atakuwa na haki.

Kuhusu mirija uliyosema, iheshimu, usiiogope. Kabla ya kumketisha, fuata kila mrija kwa kidole kutoka mwilini hadi unakoishia. Sema kwa sauti: huu unaingia hapa, una urefu wa kufika hapa, chupa ya kifua inabaki chini ya usawa wa kifua chake. Mwambie nesi unachotaka kufanya. Taja kwa mdomo namba utakayosimama nayo: "Oksijeni ikishuka chini ya kiasi hiki, mapigo yakipita hiki, namrudisha." Mtahini yeyote akisikia umetaja mahali pa kusimama kabla hujaanza, atakupa maksi zako.

Jongoo, karibu wodini uone. Ila baiskeli isiyokwenda tunayo kweli.

#8 Mlango Mpya

Naomba niongee kama mgonjwa. Nilifunguliwa kifua nikabadilishiwa mlango wa moyo. Sitataja hospitali.

Siku niliyozinduka vizuri kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni kukohoa. Nilijua kidari changu kimeshonwa kwa waya na nikikohoa kitapasuka. Nikawa nakimeza kikohozi. Alikuja binti mmoja mwanafunzi na mwenzake wa kiume. Yule kijana alisimama akaniambia "baba kohoa", nikamwangalia tu. Binti akavuta kiti, akakaa, macho yetu yakawa sawa. Akanieleza kwamba mfupa umefungwa imara, kwamba nisipokohoa nitapata nimonia. Akakunja taulo na kanga ya mke wangu vikawa kama mto, akaniwekea kifuani nikumbatie kwa mikono yote miwili nikaze. "Sasa baba, haa moja tu, ndogo." Iliuma, lakini haikupasuka kitu. Ya tatu ikatoka na donge.

Kisha akanifundisha kutoka kitandani bila kujivuta kwa mikono: nigeukie ubavu, miguu ishuke, mwili upande. Na kuhusu kunyanyua ndoo au kusukuma gari, nisubiri hadi mfupa uunge.

Swali langu kwa wataalamu: yule binti na yule kijana si wamesoma darasa moja? Kuongea na mtu anayeogopa kufa kunafundishwa wapi?

#9 Mzee wa Mazoezi

Baba, pole na hongera. Jibu la kweli ni kwamba kwenye mtaala ipo mistari michache chini ya kichwa cha mawasiliano, na kwenye karatasi ya mtihani ina maksi chache. Mimi mwanafunzi akifanya kila kitu sawa akiwa amesimama juu ya mgonjwa kama askari, namrudisha aanze tena na kiti.

Kwa wanafunzi: huyu baba kuna uwezekano anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa kama mlango aliowekewa ni wa chuma. Maana yake baadaye mkimpa mazoezi ya kutembea, mnampangia yasiyo na hatari ya kuanguka, na akianguka akagonga kichwa ni hospitali mara moja hata kama anajisikia mzima. Kasi yake ya mazoezi mnaipima kwa maongezi. Aweze kuzungumza sentensi nzima, asiweze kuimba. Akiweza kuimba, ongezeni. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni. Haihitaji kifaa.

#10 Dada wa Siha

Wakuu mmesahau usalama wa hao wanafunzi wenyewe. Mimi niko kwenye huduma za kifua kikuu. Wanafunzi wanaletwa, wanamwambia mgonjwa "haa, haa, kohoa" ndani ya chumba kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu asubuhi kuna baridi ya mlima. Unakohozesha mtu ambaye hajamaliza hata wiki mbili za dawa, mbele ya watoto wa watu waliovaa barakoa za kitambaa!

Makohozi yatolewe nje, kwenye hewa wazi na jua, mwanafunzi akae upande ambao upepo hautokei kwa mgonjwa, avae barakoa ya N95 iliyombana vizuri usoni, mgonjwa apewe ya kawaida akimaliza. Na mfundisheni kuuliza matokeo ya makohozi kabla ya kuingia, siyo baada.

Halafu kuna kundi hamjalizungumzia kabisa: waliopona. Dawa miezi sita kamaliza, makohozi safi, kapewa cheti, tunampigia makofi. Mwaka mmoja baadaye anarudi anahema, nusu ya pafu ni kovu, anadhani kifua kikuu kimerudi. Anapewa tena dawa bila kipimo kumthibitisha. Huyo alihitaji mazoezi. Kampala pale Mulago walijaribu programu ya wiki 6, mara mbili kwa wiki, kwa watu wa namna hiyo: kutembea, kunyanyua vitu, mafunzo ya kupumua. Walitembea mbali zaidi na maisha yakawa nafuu. Hakuna mashine ya maana pale. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuiendesha akisimamiwa.

#11 Msukuma wa Leicester

Dada wa Siha umenena. Naongezea kifaa cha bei ya bure ambacho kila mwanafunzi aondoke nacho kichwani: chupa ya mapovu. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, maji hadi yafike kina cha sentimita 10, mpira safi wenye tundu la karibu sentimita 1 unaofika chini kabisa. Mgonjwa anavuta pumzi kwa pua, anapuliza kwenye mpira mapovu yatoke kwa muda mrefu. Ule uzito wa maji unabakiza mirija ya hewa wazi inapotaka kujifunga, na mapovu yanatikisa. Mara kumi hivi, kisha "haa" mbili, anapumzika, anarudia. Watoto wanaona ni mchezo, hasa ukitia tone la sabuni, ila uwe unawatazama wasivute badala ya kupuliza.

Mdomo wa chupa ubaki wazi, usiuzibe kuzunguka mpira. Maji yabadilishwe kila siku na mpira uoshwe ukauke. Asipewe mtu mwenye hewa iliyovujia nje ya pafu ambayo haijatibiwa, wala anayekohoa damu.

#12 mwaka_wa_tatu

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili ya haraka.

Moja, oksimita, kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni. Juzi bibi harusi kaletwa na pumu, vidole vyote piko nyeusi hadi kucha. Kifaa kikawa kinasoma kinaacha. Mwenzangu akasema oksijeni imeshuka, mimi nikasema ni piko. Nani sahihi?

Mbili, kipimo cha kutembea dakika 6 kinataka korido ya mita 30. Korido yetu ina mita 15, na nusu ya hizo ni benchi la wanaosubiri kliniki ya macho. Tunafanyaje?

#13 Nesi wa Zamu

La piko nijibu mimi. Rangi nyeusi nzito inaweza kuzuia mwanga usipite. Hamishia kwenye ndewe ya sikio, au kidole cha mguu kama hakijapakwa. Lakini mdogo wangu, wakati mnabishana, mlimhesabia pumzi? Alikuwa anamaliza sentensi? Bibi harusi anayeongea neno moja moja anatibiwa kwanza, piko mtaijadili baadaye.

Na hata bila piko usikiamini sana kifaa hicho kwenye ngozi zetu. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2020: palipokuwa na usomaji wa 92 hadi 96, damu ilipopimwa yenyewe, kwa wagonjwa weusi karibu asilimia 12 walikuwa chini ya 88. Kwa weupe ni karibu asilimia 4. Kwa hiyo ukiona 93 na mgonjwa anahema na kutoka jasho, amini mgonjwa.

#14 Mzee wa Mazoezi

Nesi kamaliza la kwanza. La pili: tumieni hiyohiyo ya mita 15, lakini mjue kila kona mgonjwa anapunguza mwendo ili ageuke, na kwa mita 15 atageuka mara mbili ya wa mita 30. Umbali wake utatoka mfupi hata kama mapafu ni yaleyale. Kwa hiyo msilinganishe na majedwali ya vitabuni wala na matokeo ya hospitali nyingine. Mlinganishe naye mwenyewe, korido ileile, viatu vilevile, saa zilezile, kabla na baada ya programu. Akiongeza mita 30 au zaidi, hiyo kwa mgonjwa wa mapafu ni nafuu anayoweza kuisikia mwilini. Andikeni urefu wa korido kwenye fomu, maana mwanafunzi wa kundi lijalo atampima kwenye korido ya jengo jipya na kushangilia.

Kabla ya kuanza: mapigo akiwa amekaa yakizidi 120, au presha ya juu ikizidi 180, au ya chini 100, msianze, mwiteni daktari. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja, hapana kabisa. Msitembee sambamba naye mkamvuta kwa mwendo wenu, mfuateni nyuma kidogo. Maneno ya kumtia moyo yawe yaleyale kila dakika, kwa sauti ileile, siyo mnamshangilia kama Simba na Yanga, maana kelele zenu zitaongeza mita ambazo dawa haijaongeza.

Na benchi la kliniki ya macho nendeni mkaongee na sista wao saa nane mchana, kliniki ikishaisha. Kiti kimoja kibakizeni katikati, yupo atakayehitaji kukaa dakika ya nne.